Habari za Ngazi ya Vitabu

Mtu akitaja ngazi mbele ya wanafunzi wetu, mara wengi hukumbuka ile aliyoiota Yakobo. Ngazi ninayotaka kuieleza mwezi huu ni fupi kuliko ile, wala haifiki mbinguni; yafika rafu ya juu tu, mahali panapowekwa vitabu.

Lililoniingiza katika habari hii ni jambo dogo. Katika shule moja niliyofundisha zamani, vitabu vyetu vilikuwa katika kabati lililojengwa ukutani, rafu sita tangu sakafuni hata karibu na dari. Aliyelijenga aliupima ukuta vizuri, asipime kimo cha watoto. Rafu za chini zilijaa vitabu vya kusomea vya madarasa madogo. Kamusi, atlasi na vitabu vya historia vilikaa juu kabisa, ili visichafuliwe. Aliyevitaka alisukuma dawati, akaweka kiti juu ya dawati, akapanda. Siku moja kiti kiliteleza, mvulana akaanguka akavunjika mkono. Mkono ulipona, walakini tangu siku ile hapana mtoto aliyeomba kamusi muda wa muhula mzima. Nami nakiri kwamba sikuutambua upungufu huo mpaka nilipoketi kusahihisha insha zao.

Nikamwendea mzee mmoja seremala, aliyekuwa akitutengenezea madawati, nikamwomba atufanyie ngazi. Hakunijibu mara moja. Aliingia ndani, akaitazama rafu ile ya juu, kisha akaniuliza, "Mwalimu, vitabu hivi mmeviweka huko ili visomwe, au ili visisomwe?" Mimi nilicheka, naye hakucheka. Tangu hapo nimesoma habari za maktaba za nchi nyingine, nami nimeona kwamba swali la mzee yule limewasumbua wenye vitabu kwa karne nyingi.

Hapo kale hapakuwa na haja ya ngazi. Katika nchi za Ulaya, kabla ya Johann Gutenberg kupiga chapa Biblia yake mjini Mainz karibu na mwaka 1455, kila kitabu kiliandikwa kwa mkono, mara nyingi juu ya ngozi za wanyama, na kuinakili Biblia moja ilikuwa kazi ya miezi mingi. Mali ya namna hiyo haiachwi ovyo. Basi vitabu viliwekwa juu ya meza zenye mteremko, kila kimoja kimefungwa mnyororo, na msomaji alikwenda mahali kitabu kilipo. Hata maktaba ya Laurenziana mjini Florence, iliyochorwa na Michelangelo na kufunguliwa mwaka 1571, ilikuwa na mpango huo: safu za madawati, na vitabu vimefungwa papo hapo. Mtu mfupi na mtu mrefu walikifikia kitabu sawasawa. Kukichukua ndilo jambo lililokatazwa.

Baadaye vitabu vikazidi, vikasimamishwa wima katika rafu juu ya meza za kusomea, na mnyororo ukabaki. Mpango huo waweza kuonekana hata leo katika kanisa kuu la Hereford, Uingereza, ambako makabati yalianza kutengenezwa mwaka 1611, na vitabu vyake ni kama 1,500. Mnyororo hukuwekwa mgongoni mwa kitabu, bali katika ukingo wa mbele wa jalada. Kwa hiyo kitabu husimama mgongo ukielekea ukutani, na ukitaka kukisoma hukishusha mezani bila kukigeuza, wala mnyororo haujisokoti. Na msomaji aangalie neno moja hapa: mnyororo ndio uliopima urefu wa kabati. Kitabu kilichofungwa lazima kifike mezani. Hapana faida ya kukifunga futi kumi juu. Maadamu mnyororo ulikuwapo, rafu hazikuweza kupanda.

Kupiga chapa ndiko kulikouharibu mpango ule. Vitabu vikawa vingi mno, na bei yake ikashuka, hata gharama ya kumfungia kila mmoja wao mnyororo ikawa haina maana. Tena madawati yalikula nafasi yote ya chumba, na kuta zikakaa tupu. Mfalme Philip wa Pili wa Hispania alipojenga jumba lake la Escorial, kazi iliyoanza mwaka 1563 na kwisha mwaka 1584, msanifu wake Juan de Herrera alichora makabati ya kuegemea kuta za ukumbi mrefu wa maktaba, katikati pakaachwa wazi. Milioni ngapi za rafu zimefuata mfano huo tangu siku ile, hapana awezaye kuhesabu. Mjini Milan maktaba ya Ambrosiana ilifunguliwa mwaka 1609, nayo ina vitabu kuta zote. Huko Oxford, Sir Thomas Bodley aliyefungua maktaba yake mwaka 1602 aliongeza ukumbi wa pili uliokwisha mwaka 1612, na kuta zake zikajazwa vitabu hata darini. Lakini yeye alikuwa mtu mwenye hadhari. Vitabu vikubwa vilibaki na minyororo yake chini. Vile vidogo, vinavyoweza kuingia katika mkono wa joho, viliwekwa juu katika roshani, chini ya ulinzi wa mtunza maktaba. Minyororo ya Oxford haikuanza kuondolewa mpaka mwaka 1757.

Basi mnyororo ulipotoka, ngazi iliingia. Wala tusidhani kwamba palepale msomaji aliaminiwa. Mahali pengi aliyepanda ngazi alikuwa mtumishi wa maktaba, na msomaji alingoja chini. Urefu wa rafu ulifanya kazi ile ile iliyofanywa na chuma, ila kwa adabu zaidi.

Katika nyumba zote za namna hii, iliyo mashuhuri ni ukumbi mrefu wa Trinity College, mjini Dublin, uliojengwa kati ya mwaka 1712 na 1732. Urefu wake ni kama meta 65. Vitabu hupangwa kwa ukubwa, vizito chini, vyepesi juu. Na hiyo ni akili ya mtu aliyepata kushuka ngazi akiwa na mzigo mkono mmoja. Tangu mwaka 1801 chuo kile kilipewa haki ya kupokea nakala ya kila kitabu kilichopigwa chapa katika ufalme ule, na baada ya miaka hamsini tu nafasi ilikwisha. Wakafanya nini? Waliondoa dari, wakaliinua paa, wakajenga safu nyingine ya makabati juu ya ile ya kwanza. Kazi ikamalizika mwaka 1860. Na katika mwaka 2022 ilipoanza kazi ya kuvihamisha vitabu vile ili jengo litengenezwe, vilikuwa kama 200,000, navyo havikuwa na njia nyingine ya kushuka ila mikononi mwa watu, kimoja kimoja.

Matajiri nao hawakutaka kuachwa nyuma. Katika karne ya kumi na nane ilikuwa fahari kwa bwana wa Kiingereza kuwa na chumba cha vitabu nyumbani mwake, walakini ngazi ilimtia haya, kwa kuwa ngazi ni chombo cha mwashi na mpaka rangi. Kwa hiyo mafundi wakaanza kuificha. Mwaka 1774 Robert Campbell wa London alipata hati ya kulinda ubunifu wake wa ngazi ya maktaba inayojikunja ikaingia ndani ya meza. Na Thomas Sheraton, katika kitabu chake cha michoro kilichoanza kutoka mwaka 1791, aliutia mchoro wa ngazi ya namna hiyo, akieleza kwamba ya kwanza ilitengenezwa kwa ajili ya mfalme. Mwaka 1811 wenye karakana ya Morgan na Sanders walikuwa wakiuza kiti cha mikono ambacho ukikipindua mbele kwa bawaba zake chageuka kuwa ngazi ya vipago vinne. Ni kazi ya ustadi, sikatai. Lakini mimi sipendi sana chombo kinachoona haya kwa kazi yake.

Benjamin Franklin wa Philadelphia naye alikuwa na kiti chenye vipago chini ya makalio yake. Hata alipofikia umri wa miaka 80, mwezi wa Januari mwaka 1786, aliandika maelezo ya chombo kingine kabisa: ufito wa msonobari wenye urefu wa futi 8, na mwishoni vipande viwili vya mti mfano wa kidole gumba na kidole cha pili, vinavyobanwa kwa kuvuta kamba. Kwa chombo hicho alishusha kitabu cha juu huku miguu yake i sakafuni. Sababu aliitoa mwenyewe: wazee kichwa huwazunguka wakipanda ngazi. Maduka mengi hutumia chombo cha namna hiyo hata leo kushushia bidhaa, na wauzaji wake hawajui kwamba kilianza kwa ajili ya vitabu.

Iko ngazi moja ya zamani hizo ambayo naipenda kuliko zote. Ni ile inayojikunja ikawa mti mmoja. Miti miwili ya kando imechimbwa mfuo kwa ndani, na vipago vyake vimefungwa kwa pini, hata ukiisukuma miti hiyo pamoja, vipago huinama na kulala ndani ya mifuo, usione tena ngazi bali gongo. Thomas Jefferson, aliyekuwa rais wa tatu wa Marekani, alikuwa nayo nyumbani kwake Monticello, katika nchi ya Virginia, na kwa ngazi hiyo saa kubwa ya ukumbini ilitiwa ufunguo kila Jumapili. Jefferson alikuwa mpenda vitabu kupita kiasi. Mwaka 1815, baada ya Waingereza kuchoma moto maktaba ya bunge mjini Washington, yeye aliiuzia serikali vitabu vyake 6,487 kwa dola 23,950, navyo vilikuwa vikikaa katika makasha ya msonobari yaliyopandishwa moja juu ya jingine hata kufikia kimo cha futi 9.

Sasa nani walikuwa maseremala wa nyumba ile? Mmoja wao alikuwa John Hemmings, aliyezaliwa mwaka 1776 katika utumwa wa nyumba hiyo, mtoto wa Elizabeth Hemings. Aliifundishwa kazi na seremala wa Ireland, James Dinsmore, naye akawa fundi wa viti, milango na samani za kila namna. Alijua kusoma na kuandika, na barua zake ziko hata leo. Jefferson alipokufa mwaka 1826, Hemmings ndiye aliyelitengeneza jeneza. Wasia ulimpa uhuru baada ya mwaka mmoja, pamoja na vyombo vya karakana. Na katika mwezi wa Januari 1827, kabla uhuru wake haujatimia, watumwa 130 wa nyumba ile walipigwa mnada. Mimi nisomapo habari za rafu zile za futi tisa, siwezi kumsahau mtu huyo aliyeishi karibu nazo, mwenye patasi mkononi na herufi kichwani, naye hakuwa hata na haki juu ya mwili wake, sembuse juu ya kitabu.

Nilisema mvulana wetu alivunjika mkono. Wako waliopoteza zaidi. Friedrich Adolf Ebert alikuwa mtunza maktaba ya mfalme mjini Dresden, Ujerumani, na hapana wengi wa wakati wake waliozijua kazi za maktaba kama yeye. Alitunga kamusi kubwa ya habari za vitabu, na mwaka 1820 alitoa kitabu juu ya elimu impasayo mtunza maktaba. Mwaka 1834 alianguka kutoka ngazi ndani ya maktaba, akafa tarehe 13 Novemba kwa sababu ya anguko hilo. Umri wake ulikuwa miaka 43. Kama miaka kumi na sita baadaye mchoraji wa Munich, Carl Spitzweg, alichora picha inayojulikana sana: mzee yu juu kabisa ya ngazi ya maktaba, kitabu mkono huu, kitabu mkono huu, cha tatu kwapani, cha nne katikati ya magoti. Watu huitazama wakacheka. Mimi nilipoiona mara ya kwanza niliangalia mikono yake, nikaona kwamba hakushika kitu ila vitabu.

Dawa ilipatikana London. Antonio Panizzi, Mwitalia aliyekimbia nchi yake akawa mkuu wa maktaba ya British Museum, alipendekeza ukumbi wa duara wa kusomea, na kuuzunguka, maghala ya rafu za chuma. Ukumbi ulifunguliwa mwaka 1857. Maghala yale yaligawanywa kwa sakafu za chuma zilizo wazi, kila moja futi 8 juu ya mwenziwe, hata mtumishi aliweza kufikia kitabu chochote kwa kuinua mkono wake tu. Badala ya kumpandisha mtu, walipandisha sakafu.

Lakini msomaji alikuwa angali nje, akingoja. Katika maktaba za watu wote, desturi ilikuwa kuandika jina la kitabu na kumpa mtumishi, naye aingie akakitafute. Mwaka 1894 James Duff Brown, mtunza maktaba ya Clerkenwell, London, aliwafungulia watu mlango wakaingia wenyewe katikati ya rafu. Wenzake wengi walimlaumu, wakisema vitabu vitaibwa na kuchanganywa. Na ukiwaachia watu waingie wenyewe, wamo wafupi, wamo wazee na watoto. Huwezi kuwapandisha wote ngazi. Kidogo kidogo rafu zikashuka. Ngazi zilibaki katika nyumba za kale, na za matajiri, na katika maduka na ghala. Na mjini New York karakana ya Putnam, iliyoanza mwaka 1905, ikajulikana kwa ngazi za mti wa mwaloni zenye magurudumu, zinazoteleza juu ya reli iliyofungwa kabatini.

Turudi kwa mzee wetu. Baada ya kuniuliza swali lake, alikwenda kutafuta mti, akachagua mninga uliokaa kivulini mwaka mzima. Aliushika kila ubao kwa mkono mmoja, akaufumba jicho moja, akaangalia nyuzi zake toka mwanzo hata mwisho. Ubao ambao nyuzi zake zilikimbilia ukingoni aliukataa, hata ulipokuwa mzuri wa rangi, akasema kwamba mti hupasuka kwa njia ya nyuzi zake, hautafuti njia nyingine. Wenye vifundo aliuweka kando ufae kwa madawati.

Mimi nilidhani vipago vya ngazi ni fito za mviringo tu. Yeye alikataa. Mtu apandaye mnazi au paa, alisema, hupita. Apandaye kwa kitabu husimama, husoma kichwa cha habari, hufunua kurasa mbili, na ufito utamuumiza nyayo. Basi alivifanya bapa, upana wa inchi 5. Wengine huviita vidato, na sijui kama wanafunzi wa kidato cha kwanza hukumbuka kwamba neno lao limetoka hapo. Shida ya kipago bapa ni kwamba ngazi haisimami wima. Huegemea, na kwa kila futi nne za kwenda juu mguu wake hukaa futi moja mbali na ukuta. Ukikata mifuo mraba na miti ya kando, kila kipago kitainama kama paa. Kwa hiyo mzee aliegemeza kwanza miti miwili mitupu kabatini, akachukua kipande cha ubao, akakikata kwa pembe ile ile iliyofanywa na miti na sakafu, na kwa kipande hicho akapiga alama za mifuo yote kumi. Hakutumia hesabu yoyote. Nilipima baadaye, nikakuta hapana tofauti.

Kati ya kipago na kipago palikuwa inchi 10, na hapo hakukubali hata nusu inchi kuzidi au kupungua, maana mguu hushika kipimo katika vipago viwili vya kwanza, na baada ya hapo macho huacha kuangalia. Mifuo aliichimba theluthi ya unene wa mti, asizidishe, usije mti ukadhoofika. Kila kipago alikiachia ulimi uliopenya hata ng'ambo ya pili, akaupasua ncha, akagongomea kabari, hata ulimi ukatanuka ndani ya tundu usiweze kurudi. Misumari hakuitaka. Vipago vilikuwa vitano, na miti ya kando iliendelea juu ya kile cha mwisho futi mbili na nusu, ili mpandaji awe na mahali pa kushika. Kwenye ncha alitia kulabu mbili za chuma, nazo zilinasa katika ufito uliofungwa mbele ya rafu ya juu, hata ngazi ikawa haiwezi kuteleza nyuma, bali yaweza kuhamishwa kando.

Nilitaka kuipaka rangi ya kijani kama madirisha yetu. Mzee alinikatalia kwa maneno makali kidogo, akisema rangi hufunika ufa, na anayeficha ufa wa ngazi ni kama aliyeukata yeye. Tukaipaka mafuta tu. Kisha akaniita nisimame naye pamoja juu ya kipago cha tatu, wazee wawili wa kilo nyingi, mbele ya darasa lote. Haikulia.

Siku ile ile tulishusha kamusi na atlasi, tukaziweka rafu ya pili kutoka chini. Lilikuwa shauri lake, na nilipomwuliza mbona basi ametufanyia ngazi, alijibu kwamba nilimwomba ngazi. Juu tuliweka daftari za mahudhurio za miaka iliyopita. Mpaka nilipohamishwa, aliyepanda alikuwa mimi, mara moja kila mwisho wa mwaka, kufuta vumbi na kuongeza daftari moja.